Kiti cha Marehemu Hnat

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahenga waliosema hivyo hawakumjua Arseny Platonovich Zaretsov, bwana wa Moscow mwenye koti la manyoya ya mbweha, aliyeingia kijiji cha Yalyna mkesha wa Krismasi kwa miguu, akimkokota farasi mwenye theluji hadi tumboni. Gari lake la kuteleza lilikuwa limevunjika huko mteremkoni. Nyumba ya kwanza yenye taa ilikuwa ya Tekla Fedinets, na hapo ndipo alipobisha hodi.

Tekla alikuwa mjane, akiishi na mdogo wake Metody, mwimbishaji wa kanisa na mtu wa mzaha ambaye hata mazikoni ilibidi akanyagwe mguu ndipo anyamaze. Walikuwa Warusini, watu wa milimani, raia wa mfalme wa Hungaria tangu zama ambazo hakuna aliyezikumbuka. Na Warusini wa Yalyna hawamfukuzi mtu usiku ule. Tena wana neno lao: aliyekula mezani pako mkesha wa Krismasi ni ndugu yako hadi mkesha ujao, ana haki kwako nawe una haki kwake. Basi bwana akavuliwa koti, akanawishwa mikono, akachorwa msalaba wa asali kwenye kipaji cha uso kama mtoto wa nyumba, akaambiwa karibu mezani.

Akaelekea moja kwa moja kwenye kiti kitupu kilichowekewa sahani, kijiko na mshumaa.

"Hapo hapana, bwana," Tekla akamzuia. "Hapo pana mwenyewe."

"Nani huyo tunayemngojea?"

"Mume wangu, Hnat. Alikwenda Amerika kuchimba makaa, mgodi ukamwangukia. Usiku huu marehemu wetu wanarudi kula nasi. Wewe kaa huku kwenye benchi, ila puliza kwanza, usije ukamkalia mtu."

"Na ukimkalia baba mkwe wa dada yangu utajuta," Metody akadakia. "Alikuwa mkali akiwa hai, sembuse sasa."

Bwana akapuliza benchi, akakaa, machozi yakimlenga. Alikula uyoga, maharage, vitunguu saumu vilivyochovywa asali, na vidonge vya mkate vyenye mbegu za mpopi, akaomba aongezwe. Lugha yake na yao zilikuwa majirani: ukisikiliza kwa bidii utaelewa, usiposikiliza utaelewa unachotaka. Akauliza mara mbili tatu wanasema nini kijijini juu ya Tsar wa Urusi. Metody akamjibu kwamba hawamsemi kabisa, maana siasa za mbuzi wa jirani peke yake zinawatosha mwaka mzima. Kesho yake mhunzi akaunganisha gari, bwana akambusu Tekla mashavu yote mawili, akaenda zake.

Theluji ilipoyeyuka, polisi wa mfalme wakaja, wale wenye manyoya ya jogoo kwenye kofia, wakamkamata Metody akiwa anapalilia. Shtaka lilikuwa uhaini. Ilidaiwa alikuwa akipanga na wenzake kuinyofoa milima kutoka katika taji la Hungaria na kumkabidhi Tsar. Tekla akashuka mjini kwa wakili aliyepewa Metody na mahakama, mtu mwembamba mwenye mafua yasiyokwisha, akamwuliza ushahidi ni upi. Wakili akafungua gazeti la Moscow, akamtafsiria.

Zaretsov alikuwa ameandika makala ndefu. Alisema kwamba katika kila nyumba ya milima ile kuna kiti kitupu chenye mshumaa, nacho ni cha Tsar, baba anayengojewa na wanawe waliopotea. Alisema mjane mmoja, kwa kuwaogopa polisi, alimtungia kisa cha mume aliyekufa Amerika. Lakini mkulima husema moja kwa mdomo na jingine kwa macho, naye aliyasoma macho. Kuhusu mwimbishaji wa kanisa, alisema alikataa kulitaja jina la Tsar, kama mtu anavyokataa kulitaja bure jina la Mungu.

Tekla aliwaka. "Macho yangu ameyasoma kwa ruhusa ya nani?"

"Waandishi hawaombi ruhusa, mama."

"Na huyo mwendesha mashtaka wa serikali anaamini upuuzi huu?"

"Anaamini kila neno. Hajapata kumwamini Mrusi hata siku moja, ila huyu." Wakili akapenga kamasi. "Kitu kimoja tu kingemwokoa ndugu yako. Zaretsov mwenyewe akanushe, katika gazeti hilohilo, kwa jina lake. Lakini nani atamfikia?"

Tekla hakumweleza alichokusudia. Alirudi nyumbani akamuuza ng'ombe. Moyoni mwake jambo lilikuwa jepesi: bwana yule alikula mkesha mezani kwake, basi ni ndugu mpaka Krismasi ijayo, na ndugu akikosea huambiwa, akiambiwa husahihisha. Alijiona mwerevu kweli. Akachukua kibali cha kwenda kuhiji kwenye monasteri ya Pochaiv, ng'ambo ya mpaka, upande wa Urusi, kama walivyofanya akina mama wengi kila vuli, na baada ya kumaliza kusali hakurudi na wenzake. Alipanda treni ya Moscow akiwa na kilemba cheusi, kiroba cha mkate na jina la bwana kichwani.

Alimpata. Mabwana wa namna ile hawafichiki mjini mwao. Zaretsov mwenyewe alitoka hadi barazani, akamkumbatia mbele ya watumishi, akamwita dada yetu wa milima ya Karpati. Akamketisha karibu na samovari, akammiminia chai kwa mkono wake. Tekla akaona kumbe hakukosea, huyu ni mtu mwema. Naam, alikuwa mwema. Ubaya wa watu wabaya una mwisho, unachoka, unakwenda kulala. Wema wa mtu mwenye fikra kubwa haulali.

"Bwana, Metody yuko gerezani," akasema. "Kwa sababu ya ile habari yako ya kiti."

Zaretsov akasimama. Akajifanyia ishara ya msalaba mbele ya picha takatifu ya pembeni. "Shahidi," akasema kwa sauti ya kukatika. "Tumempata shahidi."

"Hapana, bwana. Yuko gerezani tu. Anakohoa."

"Hujui ukubwa wake. Mwenyewe hajui! Ndiyo maana ni mkubwa." Akavuta kiti karibu. "Sikia, dada. Huko kwenu Hungaria, na Vienna, na hata hapa kwetu siku hizi, kuna watu wanaodhani taifa ni mkataba. Tunakaa, tunapiga kura, tunatia sahihi, basi tumekuwa taifa. Taifa ni mti. Halichagui mizizi yake. Nyinyi ni tawi letu lililoangukia upande wa pili wa ukuta wa jirani, ila utomvu ni uleule. Na Mungu amewahifadhi! Hamna mabwana wa kwenu, hamna wabunge, hamna magazeti, hamna vyuo..."

"Shule tungependa, bwana. Ya kwetu ilifungwa."

"Msiombe shule!" Alimshika mkono kama anayemzuia mtu asiruke kisimani. "Sisi tulizipata. Ona zilivyotufanya."

Tekla akaona amgeukie kwa njia nyingine. "Bwana, uliniuliza kiti cha nani, nikakwambia cha Hnat. Ulilia. Nilikuona. Sasa andika tu hivyo, kwamba kiti ni cha Hnat. Mistari miwili tu."

Kwa haki yake tuseme kwamba Zaretsov hakukasirika. "Nikiandika hivyo nitakuwa nimesema kweli ndogo ili niiue kweli kubwa."

"Kweli ndogo ni ndugu yangu?"

Bwana akatazama chini. Alikuwa na moyo, na moyo ulimuuma, hilo halina ubishi. Akazunguka chumba huku mikono iko nyuma, halafu uso ukamng'aa. Kesho yake mchana, akasema, kutakuwa na karamu ya jumuiya yao, wote wanaoililia hali ya ndugu zao Waslavi walio chini ya wafalme wa kigeni. Watakuwepo maprofesa, makasisi, na waandishi wa magazeti. Tekla asimame, aseme mwenyewe, kwa maneno yake mwenyewe. "Sitaweka neno langu hata moja kinywani mwako. Naapa."

"Na wataandika nitakayosema?"

"Wataandika."

Tekla akambusu mkono. Usiku ule alilala fofofo kwa mara ya kwanza tangu majira ya kuchipua.

Karamuni walimweka meza ya mbele, chini ya picha kubwa ya Tsar. Kulia kwake alikaa mzee mmoja, jenerali mstaafu jina lake Ostafyev, mwenye sikio moja zima na jingine la vita. Wakaletewa samaki mrefu mwenye mchuzi mweupe. Tekla hakuwa amekula kitu cha moto tangu Pochaiv, ukiondoa ile chai, basi akala, na alipomaliza jenerali akamsogezea kipande chake.

"Kula, mama. Halafu urudi kwenu upesi," jenerali akamwambia kwa sauti ya chini. "Hukupaswa kuja. Hawa rafiki zangu hujiita wahafidhina, kumbe ni wachochezi waliovaa misalaba. Mfalme wako amepakwa mafuta matakatifu kama wetu. Mtu mwenye adabu haendi kuzungumza na watumishi wa jirani nyuma ya nyumba."

"Sikuja kuchochewa, mzee wangu. Nimekuja kwa habari ya kiti." Akamweleza yote, polepole, kiti na Hnat na Metody.

Jenerali alisikiliza kwa lile sikio zima. "Nimekuelewa," akasema. "Ni cha mumeo. Bibi yangu naye alikuwa akimwekea babu kijiko."

Ah, furaha aliyoipata Tekla hapo! Mtu mmoja ameelewa. Basi na wengine wataelewa. Zaretsov alipogonga glasi na kumtaja, akasimama bila kutetemeka.

"Mabwana na mabibi," akasema, neno moja moja, ili wamfuate. "Mimi ni Tekla wa Yalyna. Nyumbani kwangu kuna kiti tunachokiacha wazi mkesha wa Krismasi. Ni cha mume wangu, Hnat, aliyekufa mgodini. Si cha Tsar. Tsar ana viti vyake, namtakia heri navyo. Ndugu yangu Metody yuko gerezani kwa ajili ya kiti hicho. Hajawahi kumuuza mtu wala mlima. Bwana Zaretsov alikosea, nami simlaumu, alikuwa amechoka na baridi. Naomba muandike hivyo, kiti ni cha Hnat, ili ndugu yangu arudi nyumbani."

Mama mmoja mwenye lulu alikuwa akilia. Tekla alidhani amemaliza kazi.

Zaretsov akainuka, mashavu yamelowa. "Mmesikia!" akasema. "Mmesikia, ndugu zangu, walivyofanyiwa! Yuko kati yetu, chini ya picha hii, hakuna polisi wa kumgusa, na bado anaogopa! Bado anamkana baba yake kwa mdomo, huku macho yake, yaangalieni macho yake! Hivyo ndivyo Petro alivyokana, kabla jogoo hajawika. Nani kati yetu atamhukumu?"

Watu wote wakasimama. Viti viliburutwa, glasi zikainuliwa, kasisi akaanzisha wimbo wa kumwombea Tsar maisha marefu.

"Siogopi!" Tekla akapaza sauti. "Nasema kweli! Ni cha Hnat!"

Wakapiga makofi mara dufu. Mwali mweupe ukalipuka kwenye chombo cha mpiga picha, na kwa kitambo hakuona kitu. Alipoanza kuona tena akamshika jenerali mkono wa koti.

"Mzee wangu, wewe umenielewa. Waambie."

Jenerali alikuwa amesimama na wengine, glasi mkononi. Hakuimba. Alitazama sahani yake. "Mama," akasema, "mimi nami ni mgeni hapa. Haifai kumwaibisha mwenyeji mezani kwake."

Mlangoni, akifunga kilemba, Tekla alimwambia Zaretsov neno la mwisho alilokuwa nalo. "Ulikula kwangu, bwana. Mkesha. Kwetu hilo ni deni."

"Nawe sasa umekula kwangu," Zaretsov akajibu kwa upendo, akimbusu mashavu. "Tumekuwa damu moja."

Kesi ilisikilizwa Novemba, katika mji mkuu wa wilaya, kwa Kihungaria, na mkalimani alikuwa karani wa posta. Wakili mwenye mafua alimwita Tekla kizimbani aeleze habari ya kiti. Tekla akaeleza, na alieleza vizuri kuliko Moscow, maana safari hii alikuwa akimtazama Metody, aliyekonda hata kola ilimpwaya kama pete kwenye kidole cha mtoto. Alieleza jinsi wanavyopuliza benchi. Jaji mkuu, mzee mwenye masharubu meupe, akauliza kama ni lazima kijiko kiwekwe kifudifudi. Tekla akajibu ndiyo, mheshimiwa, ili roho isione ni kitupu. Jaji akaitikia kwa kichwa taratibu. Yaya wake wa utotoni, akasema, alifanya vivyo hivyo. Minong'ono ikapita ukumbini, na wakili akasahau kupenga kamasi.

Ndipo mwendesha mashtaka akainuka. Alikuwa kijana nadhifu, mpole, mwenye mikono meupe.

"Mama, mwezi wa Oktoba ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda kuhiji."

"Hija ilifika mpaka wapi?"

Kijana akamwonyesha gazeti. Kulikuwa na picha: mwanamke wa kilemba cheusi amesimama, kinywa wazi, mkono juu, nyuma yake Tsar ndani ya fremu ya dhahabu, na kumzunguka mabwana walioinua glasi. Chini yake paliandikwa: Sauti ya Urusi ya Karpati.

"Huyu ni nani?"

"Mimi."

"Na hapa ulikuwa unasema nini?"

"Nilikuwa nasema kiti si cha Tsar. Kiti ni cha mume wangu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata askari wa mlangoni alicheka. Wakili akamtazama Tekla kwa macho ya mtu aliyeibiwa, akanong'ona, "Ungeniambia. Kwa nini hukuniambia?"

Mwendesha mashtaka yeye hakucheka. "Waheshimiwa," akasema, "mimi ni mtu wa kiti cha enzi na madhabahu. Sipendi zogo la wabunge, sipendi mataifa yanayobuniwa magazetini. Kama si mpaka huu, Bwana Zaretsov nami tungeelewana vizuri sana mezani. Yeye anasema mkulima hasemi kweli kwa mdomo wake. Katika hilo moja nakubaliana naye." Akaliweka gazeti mbele ya jaji mzee, na jaji akaitazama picha kwa muda mrefu, kisha hakumtazama tena Tekla.

Metody alipewa miaka mitano. Waliosomewa hukumu pamoja naye walipewa pungufu. Hakuna kati yao aliyekuwa na dada aliyepigwa picha.

Walimruhusu aage, ukutani, askari katikati. Tekla alikuwa ameandaa maneno mengi. Metody ndiye aliyeanza, na uso wake ulikuwa na lile tabasamu la upande mmoja, ingawa meno yalikuwa yakigongana kwa homa.

"Kwa hiyo dada umefika Moscow."

"Nilifika."

"Na hukusema kitu. Niliposikia ng'ombe hayupo nilidhani kafa." Akakohoa, akangoja kikohozi kipite. "Walikulisha angalau?"

"Walinilisha."

"Nini?"

"Samaki," Tekla akasema. "Mkubwa. Wa mchuzi mweupe."

"Haya. Basi mmoja wetu ameifaidi Urusi."

Askari akamvuta. Tekla alibaki pale ukutani akitaka kumwita, amwambie kwamba hakumgusa samaki yule, kwamba ulikuwa uongo, kwamba chakula hakikumpita kooni huku Metody yuko kifungoni. Lakini alimla wote, na kipande cha jenerali juu yake. Alimla kwa raha, akifuta mchuzi kwa mkate, maana wakati ule alikuwa bado hajasimama kusema, na alijua kwamba akishasema watamwelewa.